Miguu Minne ya Kochi la Malkia

Jumatatu, 3 Juni

Ziara ya dunia nzima inakuja kwetu kwa sababu yangu. Sijisifu. Ndivyo mambo yalivyo. Malkia ameimba kwenye viwanja vya mabara yote, amevuka bahari, amepita majiji yenye treni za chini ya ardhi, na Jumamosi hii anaimba hapa, kwenye uwanja ambao nyasi zake mbuzi walikuwa wakizipunguza. Kwa nini hapa? Mtaa mzima unauliza. Mimi natabasamu tu. Aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo anaishi wapi? Basi.

Hadithi hiyo nimeisimulia mezani kwa dada yangu miaka nenda miaka rudi, na kila mwaka nambeba mbali zaidi. Mwanzoni tuliishia kisimani. Siku hizi navuka naye mto uliofurika. Tatizo ni mpwa wangu, binti wa dada. Kaipeleka hadithi darasani. Leo amerudi kutoka shule, hakugusa chakula. Amekaa ukingoni mwa kochi (nimelishona mimi, halijalegea popote) akasema huku anaangalia viatu vyake:

"Mjomba, Jumatatu wanataka picha. Mimi na yeye. Nisipoipeleka wataniita Mgongo mpaka nimalize shule."

Nimemwambia hilo dogo. Dada akiwa jikoni akaniambia nimweleze mtoto ukweli kabla ya Jumamosi, njia ya mwongo ni fupi. Nimemjibu ndiyo maana mwongo hufika mapema. Hakucheka.

Tiketi? Zilikwisha kabla sijaiona miwani yangu. Siwezi kutulia. Fundi makochi mzima, na sina pa kukaa! Nimezunguka chumbani mpaka dada kagonga ukuta.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda uwanjani asubuhi, koti la harusi mwilini. Malori! Vyuma juu ya vyuma! Watu wanazifunika nyasi kwa mabamba ya plastiki kama wanaezeka ardhi. Nimemwambia mlinzi wa geti kwa sauti ya mtu aliyezoea kupokewa: mimi ni mjomba wake Malkia. Hata uso hakuinua.

"Wajomba wanakaa kwenye benchi lile."

Benchi limejaa! Mmoja anadai ndiye aliyempa jina. Mwingine alimfundisha kuogelea, na mwenyewe nimemwona akilizunguka dimbwi la maji kwa woga. Watu hawana haya siku hizi. Na kule mwisho, amekunja nne, kofia mpya kichwani: Msumari! Seremala, jirani yangu, karakana yake na yangu zinachangia ukuta. Nimemuuliza tangu lini ana mpwa mwimbaji. Amesema tangu mimi nilipompata wangu. Kisha kasogea kunipa nafasi. Nikakaa. Ningefanyaje?

Penye wengi hapaharibiki neno. Akapita msimamizi wa vyumba vya wasanii, mama mmoja mwenye redio ya mkononi, anafoka: kochi lililoletwa si jeupe, ni rangi ya maziwa, na Malkia kila mji duniani anakalia jeupe, jeupe kabisa, au hakai. Mimi na Msumari tulisimama kwa pamoja. Nikasema fundi makochi. Akasema seremala. Mama akatutazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema vizuri, shirikianeni.

Shirikianeni! Na mtu huyu!

Alhamisi, 6 Juni

Fremu ya Msumari imefika. Sikuona kasoro, kwa hiyo nimesema ni nzito. Miguu kaitengeneza ya kufungwa kwa skrubu, maana mlango wa chumba cha Malkia ni mwembamba: kochi linaingia kwanza, miguu inafuata. Msimamizi ametuma vitambulisho viwili vya kuvaa shingoni, kimoja changu, kimoja cha seremala, tukaifunge miguu Jumamosi. Mjumbe wake kavikabidhi vyote kwangu. Mungu si Athumani.

Mpango ni huu. Kitambulisho cha pili anavaa mpwa wangu. Msumari ataambiwa havijaja. Lakini Msumari huingia karakana yangu bila hodi, leo anaazima gundi, kesho anaazima mkasi. Nimevificha mahali ambapo seremala hawezi kutia mkono: ndani ya mkono wa kochi, chini ya sponji. Kwa muda tu.

Kisha nimeshona. Mchana kutwa nimeshona huku naimba. Kitambaa cheupe kama jino la mtoto! Mshono wangu haujawahi kuachia tangu nishike sindano, na asiyeamini aje avute. Jioni lori la uwanja limelichukua kochi. Mpwa alisimama mlangoni akalipungia mkono kama vile linasafiri. Akacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 7 Juni

Vitambulisho havipo!

Nimepindua magunia. Nimemwaga makopo. Nimemvamia Msumari kwake, nikamwita mwizi mbele ya wateja, nikamwambia arudishe vitambulisho vyote viwili. Ameniuliza taratibu, viwili vipi? Nimejifunga mwenyewe. Hakugomba. Ameendelea kupiga randa, kisha akasema:

"Fundi, wewe ukishona unaimba. Na ukiimba huoni."

Nikakaa chini pale pale, juu ya maranda. Vitambulisho vimo ndani ya kochi. Kochi limo ndani ya uwanja. Uwanja una geti, geti lina mlinzi, mlinzi ana benchi.

Nimemwomba radhi Msumari, kidogo. Amenipa miguu mitatu ya kochi. Wa nne eti vanishi haijakauka, ataniletea asubuhi. Sikupenda alivyonyamaza baada ya hapo. Seremala akinyamaza, ujue anapima.

Mpwa ameshapiga pasi gauni lake. Kalitundika mlangoni, kila nikipita linanigusa bega.

Jumamosi, 8 Juni

Msumari hakutokea. Nimekwenda na mpwa wangu, mimi miguu miwili kwapani, yeye mmoja kifuani kama mtoto mchanga. Mlinzi akanyoosha kidole kuelekea benchi. Nikamwambia sawa, Malkia atakaa sakafuni, na atakayeulizwa si mimi. Akaita redioni. Msimamizi akaja mbio, akauliza vitambulisho viko wapi.

"Vimo ndani ya kochi."

Sijawahi kutazamwa vile. Lakini muda ulikuwa umembana. Akatuingiza mwenyewe, akasema tufunge miguu, tutoke, asiye na kitu shingoni hakai humu.

Kochi lile pale, jeupe, limelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Nikalifunga miguu mitatu. Mpwa akaninong'oneza, mjomba, tukishatoka, picha je? Alikuwa amevaa lile gauni la pasi. Ningefanyaje? Nikatoa kisu. Nikaufumua mkono wa kochi, mshono wangu mwenyewe, roho inaniuma, nikatia mkono mpaka begani.

Mlango ukafunguka. Malkia.

Mfupi kuliko nilivyomsimulia. Viatu kavishika mkononi. Akaniona nimezama kwenye kochi lake kama mkunga wa ng'ombe. Akauliza huyu ni nani. Mimi, ambaye ulimi wangu haujawahi kulala njaa, nikaendelea kupapasa sponji. Mpwa ndiye aliyejibu, sauti ndogo:

"Ni mjomba wangu. Anasema alikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo."

Malkia akaweka viatu chini.

"Binti, wajomba walionibeba mgongoni wakikusanyika, uwanja huu hautatosha."

Mpwa akainamisha kichwa. Nikaona masikio yake yanawaka. Wakati huohuo Malkia, aliyechoka na dunia nzima, akajitupa kwenye kochi. Upande usio na mguu! Kochi likainama, likaanza kwenda. Sikufikiri. Nikapiga magoti, viganja chini, nikajisukuma chini ya ile kona, nikaipokea kwa mgongo. Ikatulia.

Malkia akauliza kutoka juu kama mambo ni salama huko chini. Nikasema ni salama, mwanangu, kaa tu. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka mgongo wangu ukacheka naye, akapapasa nafasi kando yake, akamwambia mpwa wangu njoo ukae, mjomba wako anaweza wawili.

Ndipo Msumari akaingia. Kofia mpya, mguu wa nne mkononi! Getini kasema "nimeleta mguu," wakampisha. Badala ya kuufunga akasimama nyuma ya kochi, mkono juu ya mgongo wa kochi kama baba wa bibi harusi, na msimamizi, aliyekuja nyuma yake kututoa, akatupiga picha kwa simu ya mpwa. Hapo tu ndipo Msumari alipopata skrubu zake.

Vitambulisho vilipatikana. Viwili, watu watatu. Msumari akavaa chake, kina neno "seremala". Mpwa akanitazama, hakuomba. Nikamvisha changu.

Shoo nimeisikiliza kutoka benchi. Sauti inafika vizuri sana pale. Yule wa kuogelea alianza kusimulia alivyomwokoa Malkia majini, nikamkatiza: mimi nimembeba leo. Leo! Hakuna aliyeniamini. Waongo hawajui ukweli hata ukiwakanyaga.

Jumatatu, 10 Juni

Picha imezunguka darasa zima. Wakamuuliza mpwa huyu bwana aliyesimama ni nani. Seremala. Na mjomba wako yuko wapi? Mpwa kaweka kidole chini ya kochi.

"Huyo. Amembeba."

Hawamwiti Mgongo. Wananiita mimi. Nimetembea mtaani asubuhi yote na kila mtoto ananisalimu, shikamoo Mjomba Mgongo. Ni cheo. Na hadithi yangu sasa ni ya kweli, kwa hiyo siku zote ilikuwa ya kweli, ilichelewa tu.

Dada ameniuliza nimejifunza nini. Mengi! Mwezi ujao mchezaji mkubwa wa mpira, yule wa ng'ambo, anakuja kufungua uwanja wa shule. Nimeshamwambia kinyozi kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kupiga kwa mguu wa kushoto. Msumari kasikia kupitia ukutani. Anasema yeye alimfundisha wa kulia.

Jambo moja, na liishie humu humu. Kwenye picha ile uso wangu hauonekani. Kinachoonekana ni suruali, na suruali imeachia mshono wa nyuma, kuanzia mkanda hadi pasipotajika. Mpwa anasema hapo ndipo Malkia alipokuwa anapachekea.

Suruali ile niliishona mwenyewe.