Tumbo la Wiki Sita Lataka Chumba cha Dirisha

Jumatatu, 4 Machi

Nina mimba! Nimepima asubuhi chooni kwa kile kijiti cha duka la dawa. Mistari miwili. Mmoja umekolea, mwingine una haya. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia kidogo, nikacheka kidogo. Nikihesabu vizuri ni kama wiki sita. Tangu mume wangu arudi na lori lake mwisho wa Januari nilikuwa na matumaini. Sasa yuko safari nyingine hadi Jumamosi. Nitamwambia ana kwa ana, nimwone uso.

Nikatoka chooni na furaha yangu. Kumbe Wifi kanitangulia. Huyu dada wa mume wangu hanipi nafasi hata ya kupiga chafya. Yuko sebuleni, mkono mmoja kiunoni, mwingine tumboni, anamwambia Mama Mkwe kwamba ana miezi miwili na nusu. Mumewe, fundi cherehani, kasimama nyuma yake na futikamba shingoni, anatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyebeba.

Hapo hapo Mama Mkwe akatoa tangazo. Mpangaji wa chumba cha mbele kahama. Hakipangishwi tena. Ni cha mjukuu wa kwanza kuzaliwa, na wazazi wake watahamia humo wakimsubiri.

Chumba cha mbele! Kina dirisha. Dirisha la kufunguka, si kama letu linalotazama ukuta wa jiko. Chumbani kwetu moshi unaingia bila hodi. Nguo zangu zote zinanuka kama nimekaangwa nazo. Mtoto wangu akohoe ili Wifi apate upepo? Thubutu.

Nikasikia mdomo wangu unasema na mimi ninayo. Wifi akauliza ya muda gani, wifi yangu. Nikasema miezi mitatu kasoro siku chache. Futikamba ya fundi ikaanguka.

Jumatano, 6 Machi

Mama Mkwe kasema maneno ya sebuleni hayampi mtu chumba. Anataka kadi za kliniki. Wifi atakwenda kesho. Kwa hiyo mimi nimekwenda leo.

Mkunga ni mama mnene, mpole, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alifurahi kuniona. Wengi huja tumbo limeshafika kidevuni, alisema, wakati mwanamke anatakiwa aje mara tu akijua, wiki ya kumi na mbili isimpite. Akanipima uzito, presha, mkojo, damu. Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Nilikuwa mtiifu kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kisha akauliza siku niliyoanza hedhi ya mwisho.

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Tarehe kumi Desemba, nikasema, jicho kavu. Akazungusha kile kigurudumu chake cha karatasi kinachojua lini watu watazaliwa. Akaandika. Akanilaza kitandani, akabonyeza chini ya kitovu. Akabonyeza tena. Huyu mtoto mbona amejificha, akauliza. Nikamwambia ukoo wetu ni wa watu wembamba.

Akanieleza habari za picha za ultrasaundi. Ya kwanza hupigwa kati ya wiki ya kumi na ya kumi na nne, ili kujua umri wa mimba. Nyingine karibu wiki ya ishirini, hapo wanamwangalia mtoto kiungo kwa kiungo. Mimi muda wangu umeshafika, nirudi Jumanne. Nikamuuliza mwenye wiki sita, kwa mfano tu, anafanyaje. Akasema kama hana maumivu wala damu, anarudi nyumbani na vidonge vyake, anasubiri.

Nilimhurumia sana huyo mwenye wiki sita.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Kadi yangu inasema nitajifungua katikati ya Septemba. Ya Wifi, aliyerudi nayo mchana amenuna, inasema Septemba mwishoni. Mama Mkwe kavaa miwani, kasoma zote mbili, kazigeuza nyuma kama anatafuta muhuri wa bandia. Halafu kanikabidhi ufunguo nikafagie.

Nimefagia mara tatu. Dirisha nimelifungua na kulifunga mpaka muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara akadhani namwita. Kitanda cha mtoto kitakaa pale upepo unapoingilia. Nimesimama mahali hapo, nimefumba macho. Nikamwambia yule wa ndani: unaona mama yako anavyohangaika?

Jioni nimejifunga shuka tumboni, lililokunjwa vizuri, ili kadi na mwili visemezane. Wakati wa kula Wifi akasema kwa upole kwamba tumbo langu limehamia ubavuni. Nikakohoa, nikaenda chooni kulirudisha.

Jumamosi, 9 Machi

Nilipanga kila kitu. Nilimsahau mume tu.

Kafika saa nne usiku, vumbi mpaka kope, katukuta tunakula. Kabla sijamvua hata viatu, Mama Mkwe kamwambia hongera, mkeo ana miezi mitatu. Mume wangu alinibeba akanizungusha. Alicheka. Akaniweka chini. Kisha nikaona uso wake unaanza kufanya hesabu.

Mama Mkwe naye akaanza, kwa vidole. Tarehe kumi Desemba hedhi. Ongeza wiki mbili, mimba inashika. Kidole kikabaki hewani. Desemba nzima na karibu Januari yote lori la mwanawe lilikuwa limekufa mpakani, na mwanawe analala chini yake akisubiri kipuri.

Wifi aliweka kijiko chini taratibu ili asikose neno.

Nikajitetea. Nikasema kwetu mimba zina haraka, huanza mapema.

"Mwanangu," Mama Mkwe akasema, "kwenu mimba zinaanza hata kabla mume hajafika?"

Mume wangu hakugomba. Angegomba ningejua pa kushika. Alichukua mto wake tu, akaenda kulala kwenye lori, uani.

Jumapili, 10 Machi

Nimempelekea chai kwenye lori. Kasema asante kama anamwambia mhudumu wa hotelini.

Wifi kaja kunipa pole, macho yanang'aa. Kasema nisijali, binadamu hukosea, kisha kaniuliza kama yule mpangaji aliyehama alikuwa ananiamkia vizuri. Mpangaji yule ana miaka sabini na meno manne! Fundi cherehani kanitazama kwa huruma ya kweli, jambo lililoniumiza zaidi. Ufunguo umerudi kwa Mama Mkwe.

Nimekaa kitandani kwenye moshi wangu, nimewaza. Nikisema ukweli, mume anarudi na dirisha linaondoka. Nikinyamaza, mume anaondoka, na dirisha pia linaondoka. Mtu mwenye akili angeona jibu hapo. Mimi nimeamua kusubiri. Labda Jumanne mashine ya picha itaharibika.

Jumanne, 12 Machi

Mashine ni nzima kabisa.

Tulikwenda wote, na picha ya Wifi ilikuwa leo hii hii. Mume wangu aliendesha macho yote barabarani. Mama Mkwe na Wifi wakabaki kwenye benchi la nje. Mume kaingia na mimi, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Mkunga akanipaka ule uji wa baridi tumboni. Akasogeza mashine kushoto, kulia. Akaitazama kadi. Akaitazama skrini. Akapima, akapima tena. Mpaka hapo nilikuwa nawaza dirisha tu, Mungu anisamehe.

Kisha akavuta kiti karibu nami. Sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa imekwisha.

"Mama, kwa tarehe uliyonipa, mtoto alitakiwa awe mkubwa kuliko hivi, tena kwa mbali. Naogopa hakui. Inabidi nikupeleke kwa daktari."

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka nimemshika mkono na uji wote ule.

"Si Desemba," nikasema. "Ni Januari, tarehe ishirini na mbili. Desemba niliisema kwa ajili ya dirisha. Niambie anakua. Dada, niambie anakua."

Nasikia sauti yangu ilifika benchini. Nasikia ilifika hata duka la dawa.

Mkunga akachukua kigurudumu, akakizungusha. Pumzi ikamtoka. Wiki saba, akasema. Yuko sawasawa na umri wake. Akageuza skrini upande wetu. Kipo kitu kama punje ya maharage, na ndani yake nuru inapepesa, inapepesa, haichoki. Huo ndio moyo.

Mume wangu aliondoka mlangoni, akaja mpaka pua ikakaribia kugusa skrini. Akasema inapepesa kama taa ya lori linalotaka kukata kona. Kisha akanishika kisogo, akaegemeza paji la uso wake kwangu, akacheka mpaka akalia. Akaniuliza nina kichaa cha aina gani. Nikamwambia cha moshi.

Mkunga alipoona tumepona ndipo akanigeuka. Alinisema! Tarehe ile si pambo la kadi. Ndiyo inayowaambia wao lini wapige picha, lini wawe na wasiwasi, lini mtoto amechelewa kweli. Nusura anipeleke kwa daktari kwa ajili ya mtoto mzima. Akakata Desemba kwa kalamu nyekundu. Picha ya leo haihesabiwi, akasema. Nirudi baada ya wiki tano, wiki ya kumi na mbili ikifika, tupige inayohusika.

Wifi akaingia baada yangu. Wiki kumi na mbili kamili, kama alivyosema. Mwanawe kainua mkono kwenye skrini, kapunga. Ameanza kujionyesha, kama mama yake.

Nyumbani Mama Mkwe kasema jambo moja tu, kwamba amelea watoto watano na hajawahi kuona mtu anamzeesha mtoto ambaye hajazaliwa. Kampa Wifi ufunguo. Mto wa mume wangu umerudi kitandani. Nimeridhika. Sidanganyi tena maishani.

Alhamisi, 14 Machi

Mume wangu kaondoka na lori alfajiri, safari ndefu. Kaniachia karanga za mfuko mzima na onyo.

Asubuhi yote Wifi anahamia chumba cha mbele. Kila akipita anapumua kwa nguvu, nimwone amechoka na mimba yake halali. Fundi kabeba cherehani. Kisha godoro. Mimi nimesimama mlangoni kwangu, moshi wa jiko unanizunguka, nimeshika tumbo. Sina neno. Nimejifunza.

Ila nikawaza. Mtoto mmoja anaweza kuvumilia chumba kidogo. Mmoja. Lakini wawili? Wawili watalala wapi? Na juzi, chumbani mle, Mama Mkwe hakuwemo. Skrini tuliiona mimi, mkunga, na mtu ambaye sasa yuko njiani kwenda mpakani.

Nikasikia mdomo wangu unasema, Mama, kuna jambo nilisahau kukwambia kwa ile haraka ya juzi.

Godoro la Wifi limelala koridoni, nusu ndani, nusu nje. Mama Mkwe kakaa juu yake, anafikiri. Wifi ameegemea ukuta, na safari hii pumzi zake ni za kweli.

Picha inayohusika ni baada ya wiki tano. Nimeshajipanga. Wakimwona mmoja tu, nitasema mwenzake amejificha nyuma. Ana akili huyo. Kamrithi mama yake.