Rungu Jepesi la Zabibu

Jumatatu, 7 Julai

Siku njema kwa familia yetu, ingawa familia bado haijui. Coach Mado kaniita pembeni mwa uwanja. Huyu ni binti aliyesoma Kampala, akaturudia Kalemie na mchezo wa sofbol: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha wote wanakimbia na kupiga kelele. Kasema binti yangu Zabibu ana jicho zuri, ila rungu la chuma la timu linamshinda. Amerefuka ghafla, mabega bado hayajafika. Akija kulizungusha, mpira umeshapita. Atafutiwe la mti, jepesi.

Jepesi! Neno moja tu, na kichwa changu kikaanza kazi.

Mambo yako hivi. Wasichana wanane wameshachaguliwa kuvuka ziwa kwenda kucheza Kigoma, sikukuu ya Nane Nane. Imebaki nafasi moja, na wanaoigombania ni wawili: Zabibu, na Sylvie wa jirani yetu Anatole, mtu wa reli. Watajaribiwa Jumamosi. Zabibu hali vizuri, halali vizuri, anataja Kigoma tu. Nimemwambia atulie, jambo liko mikononi mwa baba yake. Mimi Idriss, komisyonere wa samaki, ninayemkutanisha mvuvi na mnunuzi kila asubuhi, nishindwe na kipande cha mti?

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kwa Ilunga, mchonga makafi ya mitumbwi. Kumbe Anatole ameshafika kabla yangu, na Sylvie ameshachongewa la kwake. Bwana huyo ananiiga hata kwa kunitangulia. Ilunga kaniahidi la Zabibu alasiri, na alasiri likawa tayari.

Zabibu kalipokea, kalizungusha uani, kuku wakatawanyika. Kacheka peke yake. "Papa, njo hii yenyewe," kasema. "Inakamata muzuri mu mukono." Kaenda nalo mazoezini, karudi nalo, kalala nalo.

Baba wa kawaida angeishia hapo.

Jumatano, 9 Julai

Anatole kanisimamisha njiani bila sababu. Kasema rungu la Sylvie ni jepesi kama unyoya. Kasema hivyo huku akitabasamu. Chakula cha mchana nimekiacha mezani.

Nimelichukua rungu la Zabibu hadi sokoni kwa Mama Thérèse, muuza ndagala, yaani dagaa, nikalilaza kwenye mizani yake. Kilo moja na robo! Wateja wawili waliokuwapo wakaguna, wakasema kwa mizani ile hata pumzi ina robo kilo. Wateja ndivyo walivyo, hawaridhiki. Nimerudi nyumbani nikipiga hesabu. Kilo na robo juu ya mabega ya mtoto wangu, na mimi baba yake nilikuwa nikifurahia kuku wakitawanyika.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango umeanza. Nimemwambia Anatole kwamba rungu jipya hupakwa mawese kama kafi, lisipasuke, na kwamba kwa ajili ya ujirani nitalipaka la Sylvie mimi mwenyewe. Kanishukuru. Kasema hakujua kwamba nina moyo wa namna hiyo. Hata mimi sikujua.

Nimelipaka kweli, mimi si mwongo. Kisha mbio sokoni kulipima. Mama Thérèse amefunga, yuko kilioni. Basi nikaenda pwani kwa Dédé mwenye depo, anayenunua samaki wa wavuvi ninaompelekea. Mizani kubwa, ya heshima. Rungu la Anatole, na mawese yake yote, halikufika hata kilo moja!

Wavuvi waliokuwa pale wakacheka. Mmoja kasema kwa Dédé ng'ombe huingia akatoka mbuzi. Wavuvi hawajaacha kulalamika tangu babu zao. Kila asubuhi mimi ndiye ninayewaapia kwamba mizani ya Dédé ni ya haki, nao wanapima. Ningekuwa mtu wa ajabu kama nisingeamini maneno yangu mwenyewe.

Nikampa Mama Zabibu habari. Mke wangu kasema kilo ya Thérèse na kilo ya Dédé hazijawahi kulala nyumba moja, kwa sababu huyu anauza na yule ananunua. Nikamjibu kwamba kilo ni kilo, kutoka hapa hadi Manono. Kaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu zaidi kidogo.

Hesabu iko wazi. Anatole ana jepesi. Mimi nina zito. Kilichobaki ni biashara, na biashara ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetoka msikitini moja kwa moja hadi kwa Anatole, marungu yote mawili kwapani. Nikamweleza kwa upole. Mtoto anayekua hununuliwa kiatu kikubwa na sare kubwa, ili akulie humo. Kwa nini rungu liwe tofauti? La Zabibu ni zito kidogo, ni la kukulia. Sylvie naye anakua. Niko tayari tubadilishane, hasara iwe yangu.

Anatole kalishika moja kwa mkono wa kulia, jingine kwa mkono wa kushoto. Kayapandisha, kayashusha. Kabadilisha mikono, karudia, nikaona namna maneno yangu yanavyomwingia. Kisha kaniuliza kama nina hakika. Nikasema nimepima. "Papa Zabibu, kama njo vile unataka, mimi sina maneno," kasema, na kaliingiza la kwangu ndani upesi upesi. Jioni mkewe katuletea samaki, kuhe wa kukaanga, sahani nzima. Watu wema. Ni akili ya biashara tu ambayo hawakujaliwa.

Zabibu hakumgusa kuhe. Kalishika rungu, kalizungusha mara moja. "Papa, hii njo muzito." Nikamwonyesha namba. Kasema mkono wake hausomi namba. Nikamwambia ndiyo maana mkono hupelekwa shule pamoja na kichwa.

Jumamosi, 12 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Kaanza Sylvie, na rungu lililokuwa letu. Kapiga mipira mitano, mmoja ukavuka reli, mbuzi wakakimbia. Kisha akaingia Zabibu. Mrefu, mzuri, miguu imejipanga kama alivyofundishwa. Mpira wa kwanza ulikuwa tayari mikononi mwa mdakaji, rungu bado liko njiani. Wa pili vilevile. Na wa tatu. Nikapiga kelele kwamba azungushe mapema. Kanitii, kazungusha mapema mno, karibu aanguke.

Hakugusa hata mmoja.

Coach Mado kamuuliza liko wapi rungu alilokuja nalo mazoezini Jumanne, lile alilopigia vizuri. Zabibu kanitazama. Kisha kasema limepotea. Hakunitaja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na Anatole naye, badala ya kucheka, akawa anaangalia viatu vyake. Nafasi kapewa Sylvie.

Njiani Zabibu katembea mbele yangu. Mlangoni kasema tu kwamba alikuwa ameniambia lile la kwanza ndilo lenyewe. Hakupaza sauti. Nimeona aibu, nimeingia jikoni nikalia kidogo. Mama Zabibu kanisogezea kitambaa.

Alasiri nikaenda kwa Anatole kutaka kurudishiana. Kasema Sylvie analala nalo, na kwamba maneno ya kukulia ndani ya rungu yamemgusa sana.

Usiku nimefikiri kwa utulivu. Kosa halikuwa kwenye mizani. Ni mawese. Yaliingia ndani ya mti usiku wa Alhamisi yakaongeza uzito. Mtu yeyote angekosea hapo.

Jumapili, 13 Julai

Mungu hamtupi mja wake! Asubuhi Coach Mado kabisha hodi. Emilie, mmoja wa wale wanane, nyanya yake amekataa katakata asivuke ziwa. Nafasi iko wazi. Coach anakumbuka Zabibu alivyopiga Jumanne, kwa hiyo anampa mipira mitano ya mwisho kesho saa tatu, ili mradi apate rungu la kumfaa. Akishindwa, atachukua msichana mwingine, na hapo hatakuwa na la kufanya.

Zabibu kaweka sharti. Safari hii atachagua mwenyewe, na mimi nisimame nje ya banda la Ilunga. "Papa, uniapie," kasema. Nikamwapia mbele ya mama yake.

Na nimetimiza. Nilisimama nje, juani, nikichungulia kidogo tu. Ilunga alikuwa na marungu kadhaa. Zabibu kayashika moja moja, kafumba macho, kazungusha, karudisha. Hakuharakisha. Mwisho kashika moja fupi, jembamba, kalizungusha mara tatu, kafungua macho akitabasamu. Sikuwa nimeuona uso ule tangu Jumanne. Hapo nilimpenda mtoto wangu kuliko siku zote. Ilunga kaomba hadi jioni alainishe mpini, na Zabibu kaniomba mimi nikalichukue, kwa kuwa anataka kulala mapema.

Jioni nikaenda. Rungu lake liko tayari. Na kando yake, lingine. Mti uleule, rangi ileile, ila limezidi shubiri moja kwa urefu, na limejaa vizuri kichwani.

Nikasimama nikafikiri kama baba. Nane Nane bado wiki kadhaa. Gauni la Idi lililofika chini juzi, sasa linaonyesha vifundo vya miguu. Kwa mwendo huu, hicho kijiti alichochagua kitakuwa mwiko wa ugali kabla hatujafika Kigoma. Zabibu alichagua kwa mkono wa leo. Nani atachagua kwa mkono wa Agosti?

Ilunga kakataa. "Papa, mutoto alishachagua." Nikamweleza kwamba yeye ni fundi wa mitumbwi, na mtumbwi haukui. Karudi kwenye kafi lake. Kutozingatia kukua kwa mtoto, hapo ndipo penye kosa la watu wengi, na nadhani ndilo lililotuponza Jumamosi.

Nimechukua lile refu. Nimelifunga kwa kitenge cha mama yake, nimelilaza chini ya kitanda cha Zabibu, nikamwambia asilifungue hadi uwanjani, ndivyo bahati inavyotunzwa. Kainama kaliangalia lilivyofungwa, hakuligusa. Kanishika mkono. Kasema asante Papa, na kwamba sasa ananiamini tena.