Mguu wa Nguruwe Juu ya Ukurasa Wangu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Naahidi kuandika yote, hata yanayoniaibisha. Mimi Nafula, mwenyekiti wa chama cha shule cha kupinga pombe, nimemaliza tovuti yetu. Pasta Mathew ataizindua Ijumaa mbele ya wazazi. Akiipenda, nabaki mwenyekiti. Asipoipenda, makamu wangu Tracy anangoja nafasi.

Jioni nimeifungua nyumbani, Burumba. Juu ya "Chupa ni Adui" pamekaa tangazo la baa: bia baridi na mguu wa nguruwe. Sikuliweka mimi. Tracy amelionea kwao. Anauliza nimeanza kunywa lini.

Jumanne, 10 Juni
Ni Callistus, anayetuuzia intaneti mtaani. Tovuti za watu zikipita kwake, anapachika matangazo yake. Nilimwambia anavunja sheria. Akauliza sheria gani. Akasema, "Dada, ukurasa ni wako, lakini waya ni wangu."

Baba ni wakala wa forodha Malaba. Alikasirika kunishinda. Mzigo wa transit, unaopita tu kwenda nchi nyingine, haufunguliwi njiani, alisema; huyo amefungua lori la wenyewe akaongeza kreti za bia. Dawa yake ni sili, ile lakiri ya forodha inayofungwa mlangoni mwa lori.

Alhamisi, 12 Juni
Nimetia tovuti sili. Nimeichora mwenyewe, nyekundu, na namba yake. Mwalimu Amoit wa kompyuta aliitazama, akasema picha haifungi kitu. Akauliza: tovuti ina kufuli yake ya kweli, inayozuia mtu wa njiani kupachika kitu, aniwekee? Nilishukuru, nikakataa. Mambo ya forodha tunayajua kwetu.

Ijumaa, 13 Juni
Kumbe hata shule inanunua intaneti kwa Callistus. Ukutani, kwa projekta, mbele ya wazazi wote: sili yangu, na juu yake mguu wa nguruwe. Mzee mmoja akauliza kama hiyo baa bado iko karibu na stendi. Mwenzake akamwambia ilihama, atampeleka. Pasta akasema tuombe.

Mwenyekiti ni Tracy.

Jumamosi, 14 Juni
Tracy ameshafungua ukurasa wake. Hauna kufuli, nimechungulia. Nimekwenda kwa Callistus. Kwa ujirani tu, amekubali kupachika juu ya ukurasa wa Tracy: "Mwenyekiti halali ni Nafula." Si kama bia. Hili ni jambo la maana.

Nimemwandikia Baba: "Najua uko na madereva, lakini nijibu sasa hivi, Callistus ameshika kompyuta. Tangazo likiwa la kweli, bado ni kosa?"