Stoo ya Fundi Vanishi

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yangu amepiga simu. Amepata kazi ya zamu kiwandani na hana wa kumwachia mtoto. Anataka mjukuu akae kwetu mpaka atakapoanza shule. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Mama watoto ameanza kuimba jikoni. Sikumbuki aliimba lini mara ya mwisho.

Sharti ni moja. Stoo itolewe sumu zote kabla ya Jumapili, la sivyo atampeleka mtoto kwa mama mkwe wake. Mtoto ameanza kutembea, na kila akiokotacho anatia mdomoni. Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi vanishi, meza za wakubwa zimepita mikononi mwangu, na sijawahi kudhuru hata paka. Akasema, "Baba, wewe nakuamini. Ile stoo ndiyo siiamini."

Sasa stoo imekosa nini?

Jumanne, 5 Agosti

Kinyozi wa nyumba ya pili amekuja kujishaua. Ati Jumamosi gari la manispaa litakuwa uwanja wa shule kupokea sumu za majumbani, bure. Yeye ameshafunga dawa zake za nywele kwenye boksi, kila kopo na jina lake. Nikamwambia anayehitaji majina ni yule asiyejua mali yake.

Mimi dawa zangu zote nilizihamishia kwenye chupa za soda. Thina, asidi ya betri, dawa ya kuzibua choo, dawa ya madoa, sumu ya panya. Zote sare, kama askari. Kuandika sijapata kuandika. Kila chupa naijua kwa mahali pake kwenye rafu, hata taa ikizimika.

Nimefungua stoo. Mama watoto ameshafagia na kuzipanga upya, fupi mbele, ndefu nyuma, kwa heshima ya mgeni wake mdogo. Zimependeza. Nikamwuliza ipi ilikuwa wapi. Akasema nikiulize hicho kichwa ninachokisifia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetumia pua. Pua yangu ilikuwa na sifa karakana nzima. Chupa ya kwanza, thina. Ya pili, thina. Ya tatu nikaona milango miwili, na stoo ina mmoja.

Mama watoto amenikuta uani, chali. Nimemwambia napumzisha macho. Akanipepea kwa kanga yake muda mrefu. Leo hakuimba.

Alhamisi, 7 Agosti

Akili mpya. Nimemimina chupa moja kwenye mfereji wa maji machafu nione rangi yake. Halafu nyingine, nilinganishe. Zilipokutana humo zikatoa moshi wa kijanikijani. Nikajikaza kisabuni, lakini macho yalichuruzika mpaka nikarudi ndani kwa kupapasa.

Mfereji ule unapita dirishani kwa kinyozi. Mteja wake katoka mbio na nusu ya ndevu. Kinyozi akaja na mkasi mkononi, anakohoa, akaniuliza kama nataka kuuzika mtaa mzima. Nikamjibu achunguze dawa zake za nywele.

Kaenda kumwita bibi afya. Binti mdogo, mpole, viatu safi. Ameniambia nisimwage tena kitu mfereji wala chooni, na nisichanganye kabisa, maana moshi ule unaua. Nifunge vifuniko, nizisimamishe wima mbali na moto, nimpelekee Jumamosi. Nisizozijua niandike "haijulikani". Atazipokea hivyo hivyo.

Ndiyo hayo tu. Lakini mimi nitembee barabarani na chupa zinazotangaza kuwa fundi hajui? Nikamwambia babu yake huyu hajawahi kushindwa kutaja dawa. Akasema, "Sawa babu. Ila sumu haina habari na hilo."

Ijumaa, 8 Agosti

Nimezipa majina. Nimekata karatasi, nimebandika kwa gundi yangu mwenyewe. Neno ninaloliandika likapendeza ni thina. Nimeandika thina zote.

Jumamosi, 9 Agosti

Uwanja wa shule, foleni. Kinyozi mbele yangu na boksi lake, kapita bila kuulizwa. Zamu yangu ikafika. Bibi afya, na glavu zake, kainua chupa ya kwanza kwenye mwanga. Ndani kuna punje. Akaniuliza taratibu tangu lini thina ikawa na punje. Nikasema ni ya zamani, imekauka. Watu wakacheka, wa kwanza kinyozi.

Hakunigombeza. Kaandika "haijulikani" juu ya kila thina yangu, akazipakia garini moja moja. Mama watoto, aliyenisaidia kubeba, akamshukuru mara nyingi kupita kiasi.

Stoo nyeupe. Binti ameambiwa kwa simu. Atakuja kesho jioni na mtoto. Jikoni kumeanza kuimbwa.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi kaja mshonaji, kavaa uso wa kutia huruma. Jana hakuwahi gari, na litarudi baada ya miezi. Ana dawa za kunguni na petroli ya kutolea madoa. Afanyeje? Kaona mimi ndiye mzoefu. Mtu akikuona mzoefu utamfukuza? Nikamwambia alete, stoo yangu ina nafasi.

Habari ikaenea. Wameleta rangi, dawa za shamba, taa zenye zebaki. Fundi magari kaleta betri zinazovuja. Kufikia saa nane stoo imejaa kuliko zamani, na sehemu ya ukumbi. Mtaa mzima unaniita mtaalamu. Kinyozi peke yake hakuleta kitu. Wivu.

Binti kaja jioni, mtoto mgongoni. Kafungua mlango wa stoo, kafunga. Hata begi hakulitua. Kamshika mama yake mkono, akasema, "Mama, nimejaribu." Nikaanza kumweleza kwamba safari hii ni za watu, si zangu. Teksi ilikuwa bado inamngoja.

Anakwenda kwa mama mkwe wake. Mtoto kanipungia mkono. Kanijua.

Mama watoto amejifungia chumbani. Kitanda kidogo alichokitandika ukumbini kimebaki kitupu na shuka lake la maua. Betri za fundi magari zilikuwa hazina pa kukaa. Zimeenea humo vizuri.