Luteni wa Njia ya Mkato

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata njia ya mkato! Chuo cha kijeshi cha miaka miwili, ng'ambo ya mto. Wenzangu watasota miaka minne. Mimi miwili tu, natoka luteni. Loretta Pickens, jirani yetu mwenye miguu ya swala, naye ameomba. Aombe. Atanipigia saluti.

Mama kasema nikimaliza shule Mei bila chuo, nakwenda kwa Mjomba Virgil kuzoa mavi ya kuku. Alabama nzima haina harufu kama ile.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Jumamosi kuna mtihani wa mbio. Maili mbili! Kila alfajiri Loretta anapita chini ya dirisha langu akiuliza kama luteni ameamka. Leo nimejaribu kukimbia hadi kanisani. Nimefika kwenye sanduku la barua langoni. Letu.

Alhamisi, 7 Machi
Babu Harlan, sajini mstaafu, kaniokoa bila kujua. Tukila uji wa mahindi akasimulia kwamba kambini, likilia tarumbeta la kushusha bendera, kila aliye nje husimama tuli. Nikauliza, hata aliye mbioni? Akasema hasa huyo, mjukuu wangu. Akaendelea na habari za upande wa kugeukia. Sikusikiliza, akili ilishafika mbali.

Nimeweka mlio huo kwenye simu. Spika ndogo ya Mama ya bafuni, isiyo na waya, itakaa mfuko wa nyuma. Nikichoka, nabonyeza. Wanasimama. Napumua. Akili ni mali!

Jumamosi, 9 Machi


Mkuu wa chuo, Kanali Yancey, alishika saa mwenyewe. Mzunguko wa pili kifua kikawaka moto. Nikabonyeza. Tarumbeta! Loretta akaganda. Wanafunzi wakaganda. Kanali akaganda. Raha iliyoje!

Kisha wote wakageuka. Kunitazama mimi.

Kumbe ndiyo ile habari ya Babu. Bendera isipoonekana, unageukia muziki na kupiga saluti. Bendera ilikuwa nyuma ya miti. Muziki ulikuwa kwenye makalio yangu. Kanali mzima, kifua kimejaa nishani, akayapigia saluti! Nikasogea kushoto, wakageuka kushoto. Nikauzunguka mti, wakazunguka nao. Simu iligoma kuzima. Wimbo ukarudi mwanzo. Loretta machozi yalimtiririka kwa kicheko, mkono ungali kwenye paji la uso.

Wimbo ulipokoma, Kanali akaja taratibu. Akauliza kaptula hiyo ni ya kikosi gani. Nikasema afande, ni mimi nilipiga tarumbeta hilo, nikajirekodi, huwa natembea nalo linitie moyo. Sijui ulimi uliyatoa wapi.

Machozi yakamlengalenga Kanali! Mpiga tarumbeta wao kahitimu, nafasi iko wazi. Mbio nitafundishwa, kasema, pumzi ya namna ile haifundishwi. Nirudi Jumamosi ijayo nimpigie ana kwa ana.

Jumapili, 10 Machi
Loretta kaja na pai ya pichi. Amepata nafasi. Akasema, Delmar we, acha ujinga, kamwambie mzee ukweli. Atakupa muda hadi chuo kifunguliwe Agosti, na mimi nitakukimbiza kila asubuhi mpaka uweze. Hakucheka hata kidogo.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nusura nikubali. Nikamaliza pai kwanza, na aibu ikapita.

Jumanne, 12 Machi
Nimeazima tarumbeta la kanisa. Spika inaingia barabara kwenye mdomo wake mpana! Natunisha mashavu, simu inafanya kazi. Nimejaribu jikoni. Babu kainuka na kijiko mkononi, akapiga saluti, uji ukamwagikia shati. Kasema hajasikia upigaji mtamu hivyo tangu ujana wake.

Spika haitoki. Nimevuta kwa uma. Nimepaka siagi. Imezama zaidi.

Mara Mama kaingia kuoga, kafungua nyimbo zake kama kawaida. Simu yake ikaitafuta spika yake. Tarumbeta limeanza kuimba mapenzi kwa sauti ya mwanamke mezani, na Babu, maskini, hajui ashushe mkono au la.

Dosari ndogo. Jumamosi Mama asioge tu.