Figo Zangu Zimenigeuka

Jumatatu, 6 Julai 1981
Bwana Josephati, karani mkuu, ametuita mimi na Wilibrodi, makarani wa muda. Nafasi ya kudumu iko moja tu: ofisi ya juu, ukingoni mwa kreta, lile bonde la wanyama. Alhamisi tunapimwa afya. Atakayefaulu atathibitishwa kazini. Mwingine atarudi kwao kulima. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, hata alipokwisha kunyamaza.

Tatizo: nikiona koti jeupe, moyo unanienda mbio na presha inapanda. Wilibrodi ana kifua cha maksai, hana hofu hata ya nyati. Lakini baiolojia hakuifikisha kidato cha nne kama mimi. Damu sehemu kubwa ni maji. Maji yakipungua, presha itashuka. Kuanzia leo sinywi kitu. Wilibrodi nimemshauri anywe chai kwa wingi.

Jumanne, 7 Julai
Ulimi umekuwa gome. Mkojo kiduchu, mweusi kama chai isiyo na maziwa. Figo zangu zimebana maji kama mwenye duka anavyobana sukari. Na moyo, badala ya kutulia, unakimbia zaidi kuisukuma damu iliyobaki! Mama Cresensia, mwenye nyumba wangu, akauliza kama nina malaria. Nikasema mafua. Akaniletea makande ya magadi, akasimama mlangoni hadi nikamaliza. Sasa kiu ni mateso.

Jumatano, 8 Julai
Nimeshindwa. Nimekunywa mtungi mzima wa Mama Cresensia. Ndipo nikakumbuka presha. Nikavaa makoti mawili, nikakimbia kuzunguka shamba la ngano ili nitoe jasho. Wilibrodi alikuwa barazani na chai yake.

"Ndugu yangu, nani anakufukuza?"

Nikasema ni mazoezi. Akanipongeza. Nikarudi na kiu, nikanywa tena.

Alhamisi, 9 Julai
Landrova. Ukungu. Baridi ya ukingoni. Kitabu changu cha baiolojia kinasema ngozi ikipigwa na baridi, mishipa yake hujibana, damu hurudi ndani, figo huona maji yamezidi na kuyaachilia. Kitabu hakikukosea. Njiani Wilibrodi akaomba gari lisimame. Wote wakashuka kujisaidia, hata Bwana Josephati. Mimi nikabaki nimebana magoti. Daktari atataka mkojo, nami si mtu wa kwenda mikono mitupu.

Zahanatini wajawazito walitangulizwa. Wengi! Hatimaye Daktari Martini akanisikiliza moyo, akaniambia nirukeruke. Niliruka mara moja tu. Suruali ya kaki haifichi kitu.

Daktari hakucheka. Wilibrodi alicheka kwa niaba ya wote, kisha akavua koti lake akanifunga kiunoni. Yeye amefaulu. Mimi presha yangu haieleweki, nirudi Jumatatu. Bwana Josephati, kwa huruma, atasubiri hadi hapo ndipo aamue.

"Huna ugonjwa, kijana," daktari akasema. "Kunywa ukiona kiu, kojoa ukibanwa. Mengine uachie mwili."

Ijumaa, 10 Julai
Nimeyatafakari sana maneno ya daktari. Amesema kweli. Mambo ya maji nimeyaacha kabisa.

Kosa lilikuwa kuanzia kwenye figo. Moyo hukimbia ili kusambaza hewa safi mwilini. Basi mwili ukizoeshwa hewa kidogo, moyo utapumzika. Tangu asubuhi navuta pumzi moja pale wengine wanapovuta mbili. Wilibrodi anasema midomo yangu imegeuka rangi. Kizunguzungu kipo. Saa ya chai nilianguka juu ya kabati la mafaili, Bwana Josephati akitazama.

Nadhani ameona jinsi nilivyotulia.