Kamati ya Kitabu cha Kuanzia

Umma wa Igwamabuye, pamoja na wote wanaopita kwetu wakitoka Kahama kwenda Geita, unaarifiwa kwamba Halmashauri yetu imekuwa ya kwanza katika ukanda mzima wa dhahabu kuamua, kwa azimio halali, mahali ambapo msomaji anapaswa kuanza kusoma. Zipo halmashauri zenye lami. Zipo zenye stendi ya kisasa. Hakuna hata moja iliyothubutu kugusa suala hili.

Mimi naitwa Eustace, Afisa Utamaduni na katibu wa kamati husika. Naeleza ilivyokuwa ili historia isije ikaandikwa na watu wa vijiweni.

Mambo yalianza pale wafadhili walipoiletea maktaba yetu hadithi moja ndefu iitwayo Vita vya Milima Tisa. Ina juzuu kumi na moja, kila moja nene kama tofali la kuchoma, na ndani yake kuna wafalme, wachawi na majoka yanayoruka. Mkutubi wetu, Melania, alitaka kuzipanga rafuni siku ileile ili watu waanze kuazima. Bahati nzuri Mheshimiwa Marselino Maganga, Mwenyekiti wa Halmashauri, alikuwa amepita kukagua, akauliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: wananchi wataanzia wapi?

Melania alijibu kwamba wengi huanzia juzuu ya kwanza, ila wapo wanaopenda kuanzia ya nne, kwa sababu mwandishi aliiandika baadaye lakini inasimulia mambo yaliyotangulia. Akaongeza kwamba kwa maoni yake kila mtu aanzie anapopenda. Maoni hayo yaliingizwa kwenye taarifa, chini ya kichwa cha changamoto.

"Kwa hiyo kuna hatari," alisema Mheshimiwa, "ya mwananchi kuingia kwenye hadithi bila mwongozo."

Maktaba ikapigwa kufuli mpaka kamati itoe mwelekeo.

Kamati ilifanya kazi kwa weledi. Upande mmoja ulisimamia juzuu ya kwanza, kwa hoja kwamba moja ni moja. Upande wa pili ulisimamia ya nne, kwa hoja kwamba mtu hazaliwi baada ya harusi yake. Mjumbe wa ulinzi na usalama alishauri tuanze na ya mwisho, ili ijulikane mapema kama amani ipo. Mjumbe wa fedha alitaka iliyo nyembamba. Tulifanya pia ziara ya mafunzo Chato, kwa kuwa jalada la juzuu ya kwanza lina picha ya ziwa nyuma ya mfalme, na tulijifunza mengi kuhusu ziwa na kuhusu sato wa kuchoma. Vitabu vyenyewe hatukuvifungua. Kuvifungua kabla ya azimio kungekuwa kuingilia maamuzi ya kamati.

Tukiwa katikati ya mchakato, tatizo likazuka machimboni.

Dereva aliyeleta maboksi alikuwa amesimama kula kwa mama lishe mmoja, Nyamizi, ambaye kibanda chake kipo karibu na makarasha ya kusagia mawe. Boksi moja lilikuwa limelowa mvua, likapasuka, na juzuu ya sita ikabaki kwenye benchi lake. Nyamizi alisoma shule kule misheni ya Ushirombo, na hawezi kukaa na kitu chenye maandishi bila kukisoma. Umeme ukikatika na makarasha yakinyamaza, alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, maharage yakichemka, akiwasomea wachimbaji kwa sauti. Waliopitwa na Kiswahili walifafanuliwa kwa Kisukuma na wenzao pembeni. Hakuna aliyejua yaliyotokea katika juzuu tano za nyuma. Walikisia, wakabishana, wakaendelea.

Taarifa ilipotufikia tulikwenda na gari la Halmashauri. Tukawakuta watu wazima, weupe kwa vumbi la mawe mpaka kwenye kope, wamekaa chini kimya, na ugali wao umepoa mbele yao. Mheshimiwa akawaeleza kwa upole kwamba wanasoma kinyume cha utaratibu, tena kutokea katikati, na kwamba hata duara, yaani shimo la dhahabu, huchimbwa kuanzia juu.

Akasimama mchimbaji mmoja, Marwa, mtu wa Tarime mwenye mabega mapana kama mlango.

"Mheshimiwa, duara tunaanzia juu kwa sababu ukianzia katikati utazikwa," alisema. "Kitabu hiki tumekianzia katikati, tumekimaliza, na wote tupo hapa."

Kauli hiyo ilichukuliwa kuwa ni utovu wa nidhamu. Kitabu kilirejeshwa serikalini, na kibanda kikafungwa kwa kosa la kuendesha maktaba isiyo na choo. Nyamizi alikuja ofisini siku nyingi kuomba afunguliwe, maana wanawe wanakula kutoka sufuria ileile inayolisha wachimbaji. Aliwaamkia shikamoo hata maafisa walio wadogo kwake. Tulimpa kiti na tukamwomba asubiri azimio.

Lakini hadithi yenyewe ilikuwa imeshatoka na haikuwa na kibanda cha kufungwa. Ilisimuliwa chini duarani, sokoni, kwenye bodaboda. Mke wa Mheshimiwa mwenyewe, Mama Bernadina, alisikika saluni akiisimulia mpaka msusi akamsuka nywele za upande mmoja mara mbili. Wajumbe wakalalamika kwamba wanasikia mambo ya mbele kabla hawajaanza ya nyuma. Mheshimiwa akatoa waraka: ni marufuku kwa mtu yeyote kumweleza mwenzake jambo lililo mbele ya pale mwenzake alipofikia.

Hatimaye azimio lilipita. Msomaji ataanza na juzuu ya kwanza. Uzinduzi ulifanyika uwanja wa mpira, na watu walijaa kuliko siku ya Mwenge. Wachimbaji walikuja bila kulazimishwa na mtendaji yeyote, jambo lililotutia moyo sana.

Mheshimiwa alisimama na kuinua juzuu ya kwanza, ambayo jalada lake lina mfalme aliyevaa deraya ya dhahabu, ameketi juu ya joka. Akasoma jina la mfalme lililoandikwa chini ya picha: Harmadu. Akasema kiongozi wa kweli huonekana kwa sura. Kisha akatamka maneno ambayo hayakuwemo kwenye hotuba niliyomwandalia.

"Kuanzia leo, Harmadu wa Igwamabuye ni mimi."

Halafu mtu mmoja kule nyuma akawika kama jogoo. Akafuata mwingine, na mwingine, na baada ya muda mfupi uwanja mzima ulikuwa ukiwika, wazee kwa watoto. Mheshimiwa aliinua mikono yote miwili kuwashukuru.

Nilimsogelea Mama Bernadina. Alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakitikisika, nikadhani analia kwa furaha. Nikamwamkia na kumuuliza watu wanawika kwa nini.

"Marahaba. Umefika kitabu cha ngapi?" aliniuliza.

Nikamwambia kamati bado haijaanza kusoma. Akasema basi waraka haumruhusu, ila kwa kuwa mimi ni katibu, ataninong'oneza kama siri ya ofisi. Kumbe katika juzuu ya sita inagundulika kwamba Harmadu alikiuza kisima cha mji kwa shemeji yake, akawapeleka vitani watoto wa wenzake, na jeshi liliposhindwa akatoroka amevaa gauni kama mzazi aliyejifungua juzi, mgongoni amebeba jogoo badala ya mtoto. Alipofika kwenye lango la mji, mbele ya watu wote, mtoto akawika.

Nilitafakari. Kisima chetu cha sokoni nacho kinaendeshwa na shemeji wa Mheshimiwa, lakini kilipitia taratibu zote za manunuzi, kwa hiyo sikuona uhusiano. Nikamuuliza Mama kama atamweleza mumewe.

"Nivunje waraka wake?" alisema, akijifuta machozi. "Mimi ni mke wa kiongozi, Eustace. Natakiwa kuwa mfano."

Mheshimiwa alifurahi sana siku ile. Aliagiza maktaba ifunguliwe, na kibanda cha Nyamizi pia, kwa sababu watu wanaompenda kiasi kile hawawezi kuwa na nia mbaya. Nyamizi aliazima juzuu ya saba kabla hata hajawasha moto. Jina la Harmadu sasa limechorwa kwa rangi ya dhahabu kwenye mlango wa ofisi, na Mheshimiwa ameanza kusoma kwa mujibu wa azimio, taratibu, kama inavyomfaa mtu mwenye majukumu.

Wiki iliyopita aliniita. Alikuwa amevaa miwani, bado yuko kurasa za mwanzo. Akaniuliza mwisho wa huyu Harmadu ukoje, maana anamwona ni mtu wa maono kama yeye. Nikamkumbusha waraka. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ni kweli, sheria ni msumeno.

Kisha tukatoka kwenda kwenye ukaguzi. Tulipopita kwenye makarasha, wachimbaji waliacha mawe yao, wakajipanga kando ya barabara, Marwa akiwa mbele, wakawika kwa pamoja. Mheshimiwa akamwamuru dereva apunguze mwendo. Akashusha kioo, akatoa kichwa chote nje, akavuta pumzi, na yeye akawajibu kwa kuwika.